Bima ya Nyumba ya Kukodisha: Ipi Inajuzu, na Vipi Gharama Yake Ipungue



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka Unguja na Pemba ni hili: familia imerithi nyumba, vyumba vimekodishwa, na kodi hiyo ndiyo inayomlisha mama mjane na kuwasomesha wajukuu. Je, inafaa kuikatia bima? Na kama inafaa, vipi wataipata kwa bei wanayoimudu? Nyumba kama hiyo ikiungua kwa hitilafu ya umeme, wengi wao hawana pa kuanzia kuijenga tena.

Tuanze na hukumu. Kujikinga na hasara hakupingani na kumtegemea Allah. Mtu alipomuuliza Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kutegemea, alielekezwa afanye yote mawili, kama ilivyo katika mapokezi ya At-Tirmidhi. Tatizo liko katika mkataba wa bima ya kibiashara. Mteja anatoa pesa hali ya kuwa hajui atapata nini, kiasi gani wala lini, na kampuni inapata faida pale yeye asipofikwa na kitu. Ndani yake mna gharari kubwa na sura ya kamari, na mara nyingi fedha hizo huwekezwa katika riba. Kwa sababu hizo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo Jeddah, katika kikao chake cha Disemba 1985, ilipitisha kuwa bima ya kibiashara ni haramu na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana. Wako wanachuoni waliokhitalifiana na hilo, mashuhuri wao ni Sheikh Mustafa az-Zarqa, basi tusitiane makosani na majirani kwa jambo hili. Lakini anayeweza kuipata njia iliyo safi hana haja ya kuingia penye utata.

Njia hiyo ni takaful. Washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea, na atakayefikwa na msiba analipwa kutoka humo. Kampuni ni wakala tu, inachukua ujira unaojulikana. Ziada ikibaki, si faida ya wenye hisa za kampuni. Msingi wake ni ule ule wa kabila la Al-Ash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja na kugawana sawasawa, na Mtume akawasifu kwa hilo (Al-Bukhari na Muslim).

Hapa kwetu mlango umefunguka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) imekwisha toa miongozo ya takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, nalo lina huduma hiyo. Hata hivyo, neno takaful kwenye bango halitoshi. Popote uendapo uliza: nani wamo katika bodi ya Sharia? Mfuko wa washiriki umetengwa na fedha za kampuni? Unawekezwa wapi? Ziada inagawiwa vipi? Mhudumu asiyeweza kujibu akuitie mkubwa wake.

Kabla ya bei, liko jambo la fiqhi ambalo wenye nyumba wengi hulipindua. Katika ijara, nyumba inabaki katika dhamana ya mwenye nyumba. Mkono wa mpangaji ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila akifanya uzembe au akivuka mipaka ya mkataba. Kwa hivyo kumwandikia mpangaji kwamba ukitokea moto wowote yeye ndiye atakayejenga si sahihi, na gharama ya takaful ya jengo ni ya mwenye nyumba. Viwango vya Sharia vya AAOIFI vimelieleza hili: mwenye mali anaweza kuizingatia gharama hiyo anapopanga kodi tangu mwanzo, lakini hawezi kumrudia mpangaji katikati ya mkataba na kumdai nyongeza.

Sasa bei. Mchango hupigiwa hesabu kwa thamani ya jengo, na hapa ndipo watu wanapolipa kupita kiasi au kujidhulumu. Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga upya nyumba hiyo: matofali, saruji, bati, mbao, ufundi na kuondoa kifusi. Bei ya kuuzia siyo, kwa sababu ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Nyumba ya mjini inayouzwa shilingi milioni 150 inaweza kujengwa kwa milioni 60. Mpe mkadiriaji majenzi, au angalau fundi mkuu unayemwamini, akuandikie hesabu, na uipitie tena kila mwaka, kwani saruji haikai bei moja.

Wako wanaoandikisha thamani ndogo ili walipe kidogo. Hasara yake inaonekana siku ya msiba. Nyumba ya milioni 60 ikiandikishwa kwa milioni 30, kisha moto ukala jiko na vyumba viwili, hasara ya milioni 10, mkataba wa kawaida utalipa milioni 5 tu, kwa sababu mwenyewe amekinga nusu ya nyumba. Huo haukuwa unafuu.

Kibaya zaidi ni kuficha kwamba nyumba imekodishwa na kusema unakaa mwenyewe, au kusema wamo wapangaji wa kawaida na hali vyumba vinakodishwa watalii kwa usiku. Bei hupungua kweli, lakini mkataba unaweza kubatilishwa wakati wa kudai, ukabaki na kifusi. Na kwa Sharia ni ghishi. Katika takaful unawaghushi washiriki wenzako, si kampuni peke yake.

Unafuu wa halali upo. Kinga jengo peke yake. Vyombo vya mpangaji ni juu yake. Kubali kubeba mwenyewe hasara ndogo ndogo, tuseme laki tatu za mwanzo, na mchango utashuka. Nyumba mbili au tatu za familia ziingizwe katika mkataba mmoja. Chukua bei za watoa huduma watatu, na hakikisha zinakinga mambo yale yale kabla ya kuzilinganisha. Nyaya zilizochakaa zibadilishwe na fundi mwenye leseni na risiti iwekwe. Paa la makuti litakuzidishia gharama popote utakapokwenda. Wenye nyumba za mabondeni waulize waziwazi kama mafuriko yamo au yanaongezwa kwa malipo, na wote waulize juu ya kodi inayopotea wakati wa matengenezo, kwani kwa mjane wetu hiyo ndiyo riziki yenyewe. Nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu, toa taarifa. Mikataba mingi hupunguza kinga baada ya mwezi mmoja hivi.

Hakuna bima ya jengo inayolipa uchakavu. Mchwa, unyevu na chokaa inayomomonyoka kidogo kidogo ni kazi ya matengenezo, na wenye nyumba za Mji Mkongwe waliiona Beit al-Ajaib ilivyoporomoka sehemu yake Disemba 2020. Asiye na pesa ya vyote viwili aanze na paa na kuta.

Nyumba ya mirathi isiyogawiwa ina suala jengine: nani alipe? Kila mmoja hulipa kwa hisa yake, kama anavyopata kodi kwa hisa yake. Tuchukulie mfano tu, mchango ni shilingi 240,000 kwa mwaka, na warithi ni mjane, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Mjane ana thumni, shilingi 30,000. Zinazobaki, 210,000, ni mafungu saba: kila mwanamme 60,000 na kila mwanamke 30,000. Jepesi zaidi ni kukata 20,000 kila mwezi kwenye kodi kabla ya kugawana. Anayetaka kumlipia mama yake ana ujira wake. Na fidia ikitoka inagawiwa kwa hisa hizo hizo. Hairuhusiwi kaka mkubwa aliyesaini fomu kuifanya yake.

Kinga huanza pale mchango unapolipwa. Dai stakabadhi, uihakiki kwa TIRA, kisha nakala ya mkataba, hati na picha za nyumba ziwekwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyengine. Likitokea la kutokea, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa kampuni, kwa Zimamoto na polisi, na usianze kujenga mpaka mkaguzi afike. Ukikataliwa dai lako na ukaona umedhulumiwa, omba sababu kwa maandishi, kisha zipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wa-Allahu A'lam.