Bei ya Roketi ni Bei ya Kuirusha

Kijana wa Bujumbura anayetamani roketi kubwa za mfano huulizia kwanza bei ya seti: bomba la kadibodi nene, mapezi ya plaiwudi, pua ya plastiki na parachuti ya nailoni. Kwa wauzaji wa Marekani, seti ya anayeanza ni dola 80 hadi 150 hivi. Marafiki wakichangishana wataimudu. Lakini seti hununuliwa mara moja, ilhali fueli hununuliwa kila roketi inaporuka.

Mota hupangwa kwa herufi kufuatana na jumla ya msukumo, na kila herufi huongeza kikomo mara mbili. A haizidi nyutoni-sekunde 2.5; H, ambako nguvu kubwa huanzia, ni kati ya 160 na 320. Mota ya H ya kujazwa upya ina ganda la alumini linalodumu. Ndani yake mrushaji hupanga vipande vya fueli ngumu, pete za mpira zilizopakwa grisi, mdomo wa kutolea moto, na baruti kidogo ya kuisukuma parachuti nje roketi ikifika kileleni. Fueli huungua kwa sekunde chache tu, na dola 30 hadi 60 zimekwenda.

Kwa Burundi, usafirishaji ndio unaouma zaidi. Mota hizi zimo katika daraja la kwanza la bidhaa za hatari, pamoja na fataki na vilipuzi, kwa hiyo msafiri hawezi kuzitia begini. Shehena ya baharini hushukia Dar es Salaam, kisha huja kwa lori au kupitia Kigoma na Ziwa Tanganyika, na mzigo wa namna hii hautembei bila vibali. Ukifika, TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inausubiri. Na pa kurushia je? Tambarare ya Rusizi iko wazi, lakini huko ndiko uliko uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, na mpaka wa Kongo uko karibu. Roketi inayopanda mamia ya mita haitaki kubahatisha hapo.

Wapo wanaojitengenezea: wanafunzi wa mradi wa Nakuja, katika chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya, huunda roketi zao wenyewe badala ya kununua seti. Hata hivyo wana maabara na wahadhiri. Kupika fueli nyumbani si njia ya anayeanza.

Njia yake ni roketi ya maji: chupa ya soda ya plastiki ya lita 1.5, maji theluthi moja, kizibo chenye valvu ya tairi na pampu ya baiskeli. Shinikizo lisizidi baa 4, na kamba ya kufyatulia iwe ndefu. Parachuti itashonwa na fundi cherehani kwa kitambaa cha mwavuli mbovu.

Dola za kwanza zinunue kisichoungua: kipimo kidogo cha mwinuko, chenye uzito wa gramu chache. OpenRocket, programu ya bure, itamfundisha kwa nini roketi isiyo na uzito wa kutosha puani hupinduka. Akishaweza kukisia kimo kabla ya kurusha na kipimo kikamuunga mkono, hapo aanze kuulizia bei ya H.