Kabla ya Kulipia Chumba cha Pwani, Uliza Maji Yanakupwa Lini

Wenza wa Mafubira, huku kwetu Jinja nchini Uganda, wamezoea maji yanayoongozwa na mitambo ya umeme. Maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Speke aliyafikia mwaka 1862, yalizamishwa na bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Bujagali nayo ikafuata, bwawa lake likazinduliwa mwaka 2012. Hoteli za kando ya Nile zilizokuwa zikiuza mngurumo wa maporomoko sasa zinauza utulivu, na vijana wa maboti ya mpira wamesukumwa chini zaidi, kuelekea maporomoko ya Itanda. Lakini ukilala Kimaka, papa hapa Jinja, usiku mmoja, asubuhi mto utaukuta pale pale ulipouacha. Mazoea hayo ndiyo huwaponza watu wetu wakifika baharini.

Mimi ni mhandisi wa majengo, na kila Desemba inapokaribia wenza huniuliza: twende hoteli ya kale au ya kisasa? Swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni la maji.

Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa takriban dakika 50. Ziwa letu la Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, halina mwendo huo kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukitambua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani ya Mombasa na Unguja tofauti hufika mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, tofauti inapungua. Huhitaji programu ya simu kulijua hilo. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwa jirani inatosha: karibu na tarehe 1 na 15 tarajia bamvua, karibu na 8 na 22 tarajia maji mafu, ukiongeza siku moja au mbili za kuchelewa. Na wakati wa bamvua, katika pwani hiyo, maji hukauka karibu na saa nne asubuhi, yakajaa karibu na saa kumi jioni.

Sasa wachukue maharusi waliolipia chumba kinachotazama bahari huko Paje au Jambiani, mashariki mwa Unguja. Mwamba uko mbali na ufuko, na kati yake na mchanga sakafu ya bahari ni tambarare. Wanaamka, wanakunywa chai, wanavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Kilichopo ni uwanja mpana wa mchanga na majani, na akina mama wakihudumia mashamba ya mwani. Wengine hukimbilia mapokezi kulalamika, kana kwamba meneja ndiye aliyeyafukuza maji. Nungwi na Kendwa, kaskazini ya kisiwa, kina huanza karibu, hivyo unaweza kuogelea karibu kutwa nzima. Anayetaka kuogelea Paje achague wiki ya maji mafu. Anayependa kutembea hadi mwambani aende siku za bamvua, avae viatu kwa sababu ya urumbi wa baharini, na arudi mapema, maana maji yakigeuka hayangoji mtu amalize kupiga picha.

Tukija kwenye kuta, yaani lile swali la kale au kisasa, Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja ni darasa lililo wazi. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa 1997, imo katika jengo lililokuwa la kampuni ya simu za kebo. Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza. Park Hyatt, ya mwaka 2015, imeunganisha jumba la kale la Mambo Msiige na jengo jipya, kwa hiyo mgeni anaweza kulinganisha zama mbili bila kutoka nje ya geti.

Majumba ya kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene kiasi cha nusu mita. Ukuta wa namna hiyo huchelewa kushika joto la mchana. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi bila kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya majumba hayo huwa virefu na vyembamba. Mgeni anayeona chumba kama ujia hudhani amepunjwa, kumbe anautazama urefu wa mti. Adui wa jengo kama hilo ni mvua: paa likivuja, chokaa hulegea na boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani. Ukiona alama za maji kwenye pembe ya dari, omba chumba kingine.

Hoteli za zege zina ugonjwa tofauti. Chumvi ya upepo wa bahari hupenya zege hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka kutoka ndani. Tazama chini ya roshani, upande wa baharini: mistari ya kahawia ikifuata njia ya nondo ni dalili kwamba matengenezo yamecheleweshwa, hata kama ukumbi wa mapokezi unanukia rangi mpya.

Kwa maoni yangu, wenza wenye siku chache walale Shangani kwanza, kisha wahamie ufukweni. Jumba la kale hukufanya uongee na mwenzako. La ufukweni, lenye bwawa na muziki, hukupa kisingizio cha kunyamaza. Wasiotaka kwenda hadi Unguja wana Diani, au Lamu, huko Kenya, ambako Peponi ya Shela imepokea wageni tangu 1967.

Kuingia Kenya, kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha. Kwa Tanzania beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na kabla ya kulipa, uliza bei ya wakazi wa Afrika Mashariki. Hoteli nyingi zinayo, ila mara nyingi haitajwi mpaka mgeni aulize.