Nora Si Balozi wa Mtu

Wasee watatu wako kwa baa East Village, New York, usiku imeenda. Dem Mkorea amekaa kati, chali Mkorea huku, mlami kule. Hatuskii venye wanabonga. Tunaskia tu wambea wa meza ingine wakikisia: hao wawili ni masiblings? Ni kapo? Ama ni watalii na mlami ndio anawatembeza? Past Lives ya Celine Song, muvi ya 2023, inaanza hivyo, na imekunasa tayari, juu hata wewe ulikuwa unakisia.

Rada ni hii. Na Young na Hae Sung ni mabeste wa klasi moja Seoul. Dem akifika miaka 12, fam inahamia Kanada, jina inageuka Nora. Miaka 12 ikiisha wanapatana Facebook, wanachapiana stori Skype, mmoja akiwa mchana na mwingine usiku, hadi Nora anasema wasimamishe. Ingine 12 ikipita, Hae Sung anatua New York, kwenye Nora anaishi sasa. Nora ashaolewa na Arthur, yule mlami wa baa, mwandishi Myahudi.

Muvi ingine ingefanya Arthur akuwe fala na Hae Sung mshamba. Song hajaingia hiyo mtego. Arthur anajifunza Kikorea juu bibi yake huongea usingizini kwa hiyo luga, na anagwaya kuna sehemu yake hawezi fika. Hae Sung bado anaishi kwa wazazi, na Nora anamcheka vile ni Mkorea sana. Halafu anaungama: karibu na huyu msee anajiskia Ukorea umemtoka, na saa hiyo hiyo umezidi.

Kenye imenibamba zaidi ni vile mila imebebwa. Wakorea wako na hiyo imani ati ukioana na mtu, roho zenu zimekuwa zikipatana maisha mengi ya nyuma. Muvi ya kizembe ingeita mzee wa ndevu aieleze polepole, filimbi ikilia. Nora anaitumia kumkatia Arthur, na anamshow wazi ati hiyo ni mistari Wakorea hurushianga watu. Mila ni yake, so ako na haki ya kuichezea.

Na cheki waigizaji. Hae Sung, huyo "Mkorea orijino", ni Teo Yoo, chali wa kuzaliwa Cologne, Ujerumani. Greta Lee, Nora mwenyewe, ni mzaliwa wa Los Angeles. Song ndiye alitoka Korea akaenda Kanada akiwa 12. Ukianza kupima nani ni Mkorea kamili, utakesha.

Ka unataka kuona venye kuhama humbadilisha mtu, fuata tuzo Nora anadai. Akiwa mtoi, anaambia klasi anaishia juu Wakorea hawashindangi Nobel ya fasihi. Kufika Skype, anadai Pulitzer, tuzo ya Wamarekani. Hae Sung akimuuliza tena New York, ni Tony, ya tamthilia za Broadway. Ndoto zenyewe zilichukua uraia kabla mwenyewe ashtuke.

Na ile Nobel? Oktoba 2024 ilibebwa na Han Kang, mwandishi wa huko huko Korea. Nora wa miaka 12 angejam wiki mzima.