Scrum ni nini, na inawezaje kulinda pesa za chama chako?

Chama kimechanga pesa mwaka mzima. Siku ya kwanza ya mradi, fundi analipwa karibu zote kwa simu, muamala mmoja tu. Mwezi wa tatu kazi bado iko nusu, wanachama wananung'unika, na mweka hazina ndiye anayetazamwa vibaya. Mara nyingi hakuna hata aliyeiba. Shida ni kwamba mradi ulipangwa wote mara moja, ukalipiwa wote mara moja, na hakuna aliyeukagua katikati.

Leo tunaeleza njia ya kuendesha miradi inayoitwa Scrum. Wanaoitumia zaidi ni watengenezaji wa programu za simu na kompyuta, lakini kanuni zake hazihitaji kompyuta. Chama cha Homa Bay ama kikundi cha wafanyabiashara Migori kinaweza kuzitumia.

Jina limetoka wapi?

Limetoka kwenye raga. Ukiwahi kutazama raga ya wachezaji 15, umeona wanane wa kila upande wakishikana mabega na kusukuma pamoja kugombea mpira. Hiyo ndiyo scrum. Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika kwamba timu zinazotengeneza bidhaa mpya hufanya vizuri zikisonga pamoja kama timu ya raga, badala ya kupokezana kijiti kama wanariadha. Mwaka 1995, Ken Schwaber na Jeff Sutherland wa Marekani waliwasilisha Scrum kama njia ya kutengeneza programu za kompyuta.

Misingi mitatu

*Uwazi.* Kila anayehusika anaona kazi imefika wapi na nini kimebaki.

*Ukaguzi.* Kazi inaangaliwa mara kwa mara, si mwishoni tu.

*Marekebisho.* Ukaguzi ukionyesha kasoro, mpango unabadilishwa mapema, kabla hasara haijakua.

Ili hayo yawezekane, kazi hugawanywa katika raundi fupi zinazoitwa sprinti. Sprinti moja haizidi mwezi mmoja, na wengi huchagua wiki mbili. Kila sprinti lazima itoe kitu kilichokamilika ambacho mtu anaweza kukitumia.

Tuchukue mfano

Tuseme akina mama 20 wanaouza omena Mbita wana shilingi 120,000. Wamechoka kuanika omena chini, ambako zinachanganyika na mchanga na kushuka bei. Wanataka chanja 10 za mbao na wavu, zilizoinuliwa kutoka ardhini. Fundi anasema kila chanja ni shilingi 9,000. Pesa zitakazobaki zitanunua maturubai ya kufunikia mvua ikija.

Wakifuata njia iliyozoeleka, wangempa fundi 90,000 na kungoja.

Kwa njia ya Scrum, sprinti ya kwanza ni chanja mbili tu: 18,000. Zinatengenezwa, na omena zinaanikwa juu yake kweli. Baada ya wiki mbili wanachama wanakusanyika kuzitazama. Mmoja anaonyesha kwamba wavu unalegea katikati, omena zinarundikana na hazikauki sawasawa. Fundi anasema mbao moja ya kukatiza itamaliza shida hiyo, kwa shilingi 1,000 zaidi kila chanja.

Sasa piga hesabu. Kurekebisha zile mbili ni 2,000. Nane zilizobaki, kwa 10,000 kila moja, ni 80,000. Jumla na zile 18,000 za kwanza ni 100,000, na bado kuna 20,000 za maturubai. Kama zote 10 zingetengenezwa kwa mkupuo, kasoro ingekuwa kwenye chanja 10, fundi ameshalipwa, na kumrudisha ingekuwa kazi ya kubembelezana.

Nani anafanya nini?

Timu ya Scrum ni ndogo, kwa kawaida watu 10 au wachache zaidi. Ina majukumu matatu.

*Mwenye bidhaa* ni mtu mmoja anayeamua kazi ipi itangulie. Anasikiliza wote, lakini uamuzi wa mpangilio ni wake. Bila yeye fundi anapokea maagizo kutoka kwa watu 20.

*Mlezi wa Scrum* anahakikisha utaratibu unafuatwa na vikwazo vinaondolewa. Yeye si bosi.

*Watendaji* ni wale wanaofanya kazi yenyewe. Katika mfano wetu ni fundi, msaidizi wake na wanachama wanaojaribu chanja. Wao ndio wanaosema kiasi gani cha kazi kitawezekana katika sprinti moja.

Vikao vyake

Sprinti huanza kwa kikao cha kupanga: tunataka kufikia nini, na tutachukua kazi zipi kutoka kwenye orodha? Kila siku watendaji wanakutana kwa dakika zisizozidi 15. Njia iliyozoeleka ni kila mmoja aseme jana alifanya nini, leo anafanya nini, na nini kinamzuia. Mwishoni kuna maonyesho ya kazi, ambapo watumiaji wanaona kilichokamilika na kutoa maoni. Halafu timu inakaa yenyewe kujitathmini: tumefanyaje kazi pamoja, na raundi ijayo tuboreshe nini?

Kabla ya yote, kubalianeni neno "imekwisha" lina maana gani. Kwa fundi, chanja huenda imekwisha akigonga msumari wa mwisho. Kwa mama wa omena, imekwisha ikibeba mzigo wa siku nzima bila kuyumba. Iandikeni maana hiyo mapema, muepuke ugomvi.

Simu yako inaingia wapi?

Scrum yenyewe haisemi lolote kuhusu malipo, lakini malipo ya simu yanaendana nayo vizuri. Tunashauri hivi:

- Gawanyeni malipo kulingana na sprinti. Mkubaliane na fundi mapema, na mwachie pesa za vifaa vya raundi hiyo ili asikwame.
- Lipeni kutoka akaunti ya kikundi, si simu ya mwanachama mmoja.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala. Jina likikupa shaka, simama kwanza.
- Siku ya maonyesho ya kazi, taarifa ya miamala isomwe mbele ya wote. Huo ndio uwazi, na unamlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote.
- PIN haipewi mtu. Si fundi, si mwenyekiti, wala si anayesema amepiga simu kutoka kwa kampuni.

Kanuni hiyo hiyo katika historia ya M-Pesa

Jaribio la M-Pesa lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na wateja mia kadhaa tu wa Faulu Kenya. Lengo lilikuwa kuwasaidia kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini wateja walianza kuitumia kwa mambo mengine, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiiendesha waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa. Hatulitoi kama mfano wa Scrum yenyewe, ila wa kanuni yake: anza kidogo, tazama watu wanavyotumia, kisha badilisha. Leo mtu aliye Nairobi anamtumia mama yake Oyugis pesa za dawa kwa dakika moja.

Pale isipofaa

Scrum haiharakishi kila kitu. Miwa ya Awendo huchukua mwaka na zaidi kukomaa, na hakuna sprinti itakayoifanya iwe tayari kwa wiki mbili. Pia kazi ambayo kila hatua inajulikana tangu mwanzo, kama kupaka rangi chumba kimoja, haihitaji vikao vyote hivi. Scrum inasaidia zaidi pale ambapo hamna uhakika kitu kitafanyaje kazi hadi mkijaribu.

Anza na hili

Katika mkutano ujao wa chama, chukueni mradi mmoja mnaoufikiria na mjibu swali moja: ni kipande gani kidogo tunachoweza kukimaliza na kukitumia ndani ya wiki mbili? Lipieni hicho kwanza. Kikaguliwe na wale watakaokitumia kila siku, halafu ndipo mfungue mfuko tena.