Chotara wa Muhogo na Mpira

Wasikilizaji wetu, apitaye Buguruni jioni hakosi kuona karai la mihogo likichemka kando ya njia. Na katika baadhi ya nyua huona mti mrefu wenye majani yafananayo na ya muhogo, lakini hauchimbwi mzizi. Mti huo ni mpira; majani yake hutwangwa yakapikwa kwa tui, nasi twayaita kisamvu cha mpira. Wako wadhanio kuwa ni muhogo ulioachwa ukazeeka. Sivyo, ni ndugu yake, wa asili ya Brazil kama muhogo wenyewe. Wadachi waliupanda katika mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu wake, hata bei ilipoanguka mwaka 1913 mengi yakaachwa. Leo twataka kueleza jinsi mti huo ulivyokuja kuufaa muhogo.

Adui mkuu wa muhogo ni batobato. Majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja, na mizizi hukonda. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi hii yetu, upande wa Usambara. Waenezao ni inzi weupe wadogo. Na mkulima naye huueneza akatapo vipando katika shina lenye ugonjwa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili wa kituo cha Amani, Storey na Nichols, walitafuta muhogo wa kuustahimili. Mihogo waliyoijaribu haikuwatosha, ndipo wakaugeukia mpira, ambao batobato hauuwezi.

Lakini je, mimea ya aina mbili yaweza kuzaana, na mtoto wao akazaa tena? Hapo ndipo penye kazi. Ndani ya chembe za kila mmea mna nyuzi ndogo mno, zisizoonekana ila kwa darubini, ziitwazo kromosomu. Hizo ndizo zichukuazo urithi. Muhogo una 36, yaani 18 za mama na 18 za baba. Mmea ufanyapo chavua, ule unga wa maua, kila kromosomu sharti imtafute mwenziwe, zilale ubavu kwa ubavu, kisha ziachane, hii huku na hii huku. Zikikosa wenzi, hesabu huharibika na chavua huwa haina nguvu ya kuzaa.

Tazameni baghala. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na mtoto wao 63, zisizoweza kupangika mbili mbili. Kwa hiyo baghala ni tasa, ila kwa nadra kubwa. Tazameni tena ndizi za Bukoba: mgomba wake una mafungu matatu ya kromosomu, jumla 33, na mafungu matatu hayagawanyiki kwa wawili. Hauna mbegu za kupandwa, twapanda machipukizi.

Mpira nao una kromosomu 36. Kulingana kwa hesabu peke yake si hoja, kwani wageni wawili waweza kuwa na idadi moja wasijuane. Bali hizi zajuana: kwa sehemu kubwa zile 18 za muhogo hushikana na zile 18 za mpira. Basi chotara wao hazai sana, lakini si tasa.

Chotara wa kwanza alikuwa na afya, ila mizizi yake ilikuwa myembamba, isiyofaa kuliwa. Lau angalikuwa tasa, habari ingaliishia hapo. Kwa kuwa alitoa mbegu, alizalishwa tena na muhogo, na watoto wake vivyo hivyo, hata mara ya tatu. Kila mara sehemu ya mpira ilipungua: nusu, robo, thumni, kisha nusu ya thumni, kwa wastani. Mizizi ikanenepa. Na alipopatikana mmoja aliye bora, alitosha. Vipando vyake vyote huwa kama yeye.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 umeonyesha kwamba vipande vikubwa vya mpira vingalimo katika kromosomu ya 1 na ya 4 za baadhi ya mihogo. Humo nyuzi za muhogo na za mpira hazibadilishani kwa urahisi. Hurithiwa vizima, mazuri pamoja na mabaya. Ni nyama na mfupa wake.

Mbegu za mmea wa Amani ulioitwa 5318/34 zilipelekwa Nigeria. Katika uzao wake, miaka ya 1970, ikapatikana TMS 30572 huko Ibadan. Na batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, mbegu hiyo ilipandwa kwa jina la Migyera. Chotara mwingine wa Amani, 46106/27, husifiwa kwa kustahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa uozeshao mzizi ungali ardhini. Pwani ya Kenya huitwa Kaleso, na kusini mwa Tanzania Namikonga. Zilipopimwa kromosomu zake, ilionekana kuwa ni mmea mmoja.