Kuwa na Kuwako: Alexis Kagame mbele ya Sarufi ya Kiswahili

Katika kazi za kumalizia masomo zinazoandikwa na wanafunzi wetu wa lugha za Kiafrika, dai moja hurudi mara kwa mara, nalo huandikwa kana kwamba halihitaji ushahidi: kwamba falsafa ya Wabantu imehifadhiwa ndani ya sarufi zao, na kwamba aliyekwisha kuchambua ngeli za majina amekwisha kuichambua fikra yenyewe. Dai hili lina historia yake. Makala haya yanakusudia kueleza lilivyozaliwa, kisha kulipima kwa kipimo kimoja tu, yaani namna Kiswahili kinavyosema kwamba kitu kipo. Tumekichagua kipimo hicho kwa sababu wengi wetu tunazo namna mbili za Kiswahili, ile ya vitabuni na ile ya nyumbani, na hizo mbili, kama msomaji atakavyoona, hazitoi ushahidi mmoja.

Aliyetangulia ni padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefanya kazi miongoni mwa Baluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, ingawa mwenyewe alikiandika kwa Kiholanzi. Fundisho lake lajulikana: kwa Mbantu, kuwa ni nguvu, wema ni kuikuza nguvu ya uhai, na uovu ni kuipunguza. Lililo gumu kujulikana ni njia aliyoipita hata akafika hapo. Msomaji huambiwa Mluba anafikiri nini, lakini Mluba mwenyewe hasikiki akisema.

Pengo hilo ndilo alilotaka kuliziba padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912-1981). Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda kuhusu kuwa, alikataa kutegemea hisia za mgeni. Alitaka ushahidi unaoweza kukaguliwa na kila mtu, na ushahidi huo akauona katika lugha. Akauchukua mzizi -ntu wa Kinyarwanda, akapata makundi manne: umuntu, kilicho na akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, jinsi kitu kilivyo. Makundi hayo akayaweka sambamba na yale kumi ya Aristotle. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akaupanua uchunguzi wake hadi lugha nyingi za Kibantu. Hii ni kazi ya heshima. Hata anayeikataa hana budi kuikataa kwa mifano, na hilo ndilo jambo ambalo Tempels hakutuwezesha kulifanya.

Basi tulete mifano. Kiswahili kina mtu na kitu, na huku Katanga tunasema muntu na kintu. Hadi hapo Kagame amesimama imara. Lakini neno letu la kawaida la pahali pa ahantu ni mahali, na pahali pa ukuntu tunasema jinsi, nayo yote mawili yana asili ya Kiarabu. Je, tuseme kwamba Waswahili walipoazima maneno hayo walipoteza nusu ya makundi ya fikra zao? Hakuna atakayelisema hilo. Tena, mtu akiwadhulumu yatima mali yao, watu husema: «Yule si mtu.» Msemaji hakusudii kwamba mdhulumaji amepungukiwa na akili; pengine anayo kupita kiasi. Anachomnyima ni utu. Maadili yamelishika neno lile lile la Kagame na kulipeleka upande ambao jedwali lake halikuutazamia.

Hoja yake iliyo na uzito zaidi, kwa maoni yetu, haihusu majina bali kitenzi. Kagame alionyesha kwamba katika lugha za Kibantu kitenzi cha kuwa hakisimami peke yake: hudai kijalizo, ama cha sifa ama cha mahali. Kiswahili sanifu chamuunga mkono. «Mimi ni» ni sentensi iliyokatika; msikilizaji hungoja. Tukitaka kusema kwamba kitu kipo tu, bila kuongeza neno, hutubidi tutumie viambishi -po, -ko na -mo, ambavyo vyote ni vya mahali.

Matokeo yake yaonekana pale mtu anapotaka kumfasiri Descartes. Katika kitabu chake cha mwaka 1637, Descartes alitoa hoja kwamba anayefikiri hawezi kutilia shaka kuwako kwake mwenyewe, na papo hapo akaendelea kusema kwamba nafsi hiyo inayofikiri haihitaji mahali popote ili iwe. Mfasiri ataandika nini? Akiandika nipo au niko, amekwisha kuiweka nafsi mahali kabla Descartes hajamaliza kuiondoa. Wako waliohitimisha kwamba hoja hiyo haiwezi kufikirika katika lugha ya Kibantu.

Hapa ndipo tunapoachana nao. Kwanza, Kifaransa chenyewe, lugha aliyoiandikia Descartes mwaka huo, husema il y a kila kinapotaka kutaja kuwako kwa kitu, na ile y ni ya mahali. Hatujamsikia mtu akidai kwamba Wafaransa wana falsafa ya mahali. Pili, twende nyumbani. Mtu wa Lubumbashi husema «niko mwalimu», «eko mugonjwa», na hakuna mahali panapotajwa. Kile kiambishi cha mahali kimekuwa kiungo kitupu, sawasawa na ni ya vitabuni. Ikiwa sarufi ndiyo falsafa, basi mtu yule yule hubadili falsafa yake kila anapotoka darasani na kuingia sokoni. Tatu, waumini husema «Mungu yupo», na nyumbani «Mungu eko». Sentensi imesimama bila kijalizo, wala hakuna anayeuliza «wapi?» ila mtoto.

Émile Benveniste, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1958, alimtazama Aristotle kwa jicho hilo hilo: makundi kumi yale ni makundi ya lugha ya Kigiriki kwanza, na Kiewe cha Afrika Magharibi hugawanya kazi za kuwa kati ya vitenzi kadhaa. Kwa hiyo Kagame, alipopima Kinyarwanda kwa Aristotle, alikuwa akipima sarufi kwa sarufi nyingine. Na Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliuliza swali ambalo halijazeeka: fikra isiyo na mwandishi wala mpinzani, inayosemwa kuwa ya kabila zima, yaitwaje falsafa?

Hata hivyo hatupendi kuitupa lugha nje. Kwasi Wiredu wa Ghana (1931-2022) alikutana na jambo lile lile katika Kiakan, lugha isiyo ya Kibantu, ambamo kuwako husemwa kwa neno la mahali. Hakudai kwamba Waakan wamekwisha kumshinda Descartes kwa kuzaliwa kwao. Alishauri kwamba tatizo la falsafa lifikiriwe upya katika lugha ya mfikiri mwenyewe, kisha liamuliwe kwa hoja zinazoeleweka katika lugha zote mbili. Tukijaribu ushauri huo, twaweza kuandika: «Nafsi ipo, wala haina mahali.» Sentensi hii ni sahihi kisarufi na inaeleweka. Wengine wataikubali, wengine watasema ni uongo, kwa kuwa kisicho na mahali hakipo. Lakini wanaobishana namna hiyo wanabishana kwa Kiswahili, na sarufi haiwazuii wala haiwaamulii.

Kwa mwanafunzi anayetafuta somo la kazi yake, tungependekeza aanzie kwenye ile sentensi «Yule si mtu». Asihesabu ngeli. Aende mahali inaposemwa, kwenye baraza la ukoo linalogawa mali ya marehemu au mbele ya wazee wa mtaa, aandike nani aliisema, nani aliipinga, kila mmoja alitoa sababu gani, na ni sababu ipi iliyowanyamazisha wengine.