Kutoka Chumba cha Kupanga Kwenda Nyumba ya Halmashauri: Tupige Hesabu Kwanza



Ndugu wasomaji, walimu na wauguzi wengi wanaofanya kazi katika kata ya Mugoma na kata jirani za wilaya yetu ya Ngara si wenyeji wa hapa. Anapowasili na barua yake ya ajira, jambo la kwanza ni kutafuta chumba cha kupanga kwa mtu binafsi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, nyumba ya shule au ya zahanati inabaki wazi, naye anaitwa aingie. Hapo ndipo tunapoulizwa: je, nihame au nibaki?

Jibu letu ni kwamba kuhama ni vizuri, lakini hama ukiwa umepiga hesabu. Nyumba ya Halmashauri inaweza kukupunguzia gharama, ila si yako. Usipojua unachookoa kinakwenda wapi, siku ya kuondoka utatoka na godoro na masufuria tu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Nasi tuketi kidogo.

NYUMBA HIZI NI ZA NANI?

Nyumba nyingi za watumishi vijijini zilijengwa kwa fedha za Serikali na wahisani pamoja na nguvu za wananchi. Mpango wa MMEM (2002–2006) ulijenga madarasa na nyumba za walimu, na kuanzia mwaka 2007 mpango wa MMAM ulihusu zahanati na vituo vya afya. Wananchi walichanga mawe, mchanga, matofali na jasho lao. Hivyo basi, anayeingia humo ajue kwamba anatunza mali ya watu wengi.

Wapo wanaodhani kwamba wakikaa muda mrefu watauziwa. Fikra hiyo ilitokana na uuzaji wa nyumba za Serikali kwa watumishi, ulioanza mwaka 2002. Nyumba ya mwalimu iliyo katika eneo la shule haiko katika hesabu hiyo. Ni ya kituo cha kazi, na atakayekuja baada yako naye ataihitaji.

KUAGANA NA MWENYE NYUMBA

Kwa desturi, wenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme umelipa shilingi 30,000 kwa mwezi kwa miezi sita, yaani 180,000, na nyumba ya shule inapatikana mwezi wa pili. Ukihama siku hiyo hiyo bila makubaliano, miezi minne yenye thamani ya shilingi 120,000 inaweza kupotea.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, tegemeo kubwa la mpangaji ni mkataba wake. Wazee wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo na mashirika ya misaada yakaja kwa wingi, jinsi kodi za vyumba zilivyopanda. Aliyekuwa na maneno ya mdomo tu hakuwa na la kushika. Kwa hiyo tunashauri:

1. Tangu siku ya kwanza, andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, ukitaja kodi, muda, notisi, na kitakachofanyika ukihama kabla ya muda kwisha. Mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi.

2. Unapotaka kuhama, toa notisi kwa maandishi na ubaki na nakala.

3. Ikiwa mwenye nyumba hawezi kurudisha fedha, muombe akubali umletee mpangaji mwingine, ambaye atakurudishia wewe kodi ya miezi iliyobaki.

4. Mkishindwa kuelewana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MSHAHARA UNAWEZA KUBEBA MAKATO MENGINE?

Usidhani kwamba nyumba ni ya bure, wala usidhani kwamba ni ghali. Uliza, nawe upate barua inayoonyesha kama kuna kodi, ni kiasi gani, na kama inakatwa kwenye mshahara au unailipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya Serikali. Kisha chukua hati yako ya mshahara.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Mfuko wa pensheni (PSSSF) unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 21,000. Chama cha walimu ni asilimia 2, yaani 14,000. Mkopo wa elimu ya juu ni asilimia 15, yaani 105,000. Kodi ya mapato ni kama 49,000. Jumla ya makato ni 224,000, anabaki na 476,000.

Sasa, utaratibu wa utumishi unataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa mwalimu wetu theluthi hiyo ni kama 233,000. Ikiwa alikopa benki na anakatwa 230,000 kwa mwezi, amebaki na 246,000. Kodi ya nyumba ya 20,000 ikiongezwa itamshusha hadi 226,000, chini ya kiwango. Makato hayo hayatapita kwenye mshahara, na kama hakuna anayefuatilia, deni litakua kimya kimya hadi siku ya kuhama au kustaafu. Basi, mwenye mkopo mkubwa apange mapema jinsi atakavyolipa kodi hiyo kwa mkono, na atunze kila stakabadhi.

STAHILI ZINAZOBADILIKA

Yapo mambo matatu ambayo watu husahau.

Kwanza, kiongozi anayelipwa posho ya nyumba kwa sababu hakupewa nyumba, posho hiyo hukoma akipewa. Asiporipoti, atalazimika kuirudisha. Ni afadhali kuandika barua wiki ile ile ya kuingia.

Pili, mtumishi anayehamishwa na mwajiri ana stahili zake za uhamisho, ikiwemo kusafirishiwa mizigo. Aliyeomba uhamisho mwenyewe hujigharamia. Na kuhama kutoka chumba cha Mugoma kwenda nyumba ya shule iliyo kata hiyo hiyo ni kubadilisha makazi tu, hivyo gharama za gari ni zako.

Tatu, wapo wanaomchukua mama au bibi akae nao katika nyumba hiyo. Ikiwa mzee huyo yumo katika mpango wa TASAF, kumbuka kwamba kaya huandikishwa kijijini kwake. Akihama bila kuitaarifu kamati ya jamii na mtendaji wa kijiji, anaweza kukosa malipo. Toeni taarifa kabla ya kuhama.

GHARAMA AMBAZO HAZIMO KWENYE BARUA

Chumba cha kupanga pale senta kinaweza kuwa karibu na umeme, maji na soko. Nyumba ya shule inaweza kuwa mbali na vyote. Kabla ya kukubali, nenda ukaikague mvua ikinyesha. Tazama paa, choo, milango na tangi la maji. Hesabu madumu ya maji kwa wiki, nauli ya pikipiki na taa ya sola. Kwa upande mwingine, nyumba hizo mara nyingi zina eneo la bustani. Mchicha, maharage na kuku watano wanaweza kufidia nauli hiyo na kubaki na ziada.

Siku ya kuingia, andika orodha ya vitu vilivyomo na vilivyoharibika, mkuu wa kituo asaini nawe usaini. Ukitaka kukarabati kwa fedha zako, omba kibali kwanza na mkubaliane kwa maandishi kama utarudishiwa.

SIKU YA KUTOKA

Mwalimu au muuguzi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60. Lakini uhamisho huja bila kubisha hodi, na kifo pia. Mume akifariki, mjane na watoto hawawezi kuendelea kuishi katika nyumba ya kituo kana kwamba ni urithi. Hili ni jambo gumu kulisema, lakini ni gumu zaidi kulisikia kwa mara ya kwanza matanga yakiwa hayajaisha.

Turudi kwenye hesabu. Aliyekuwa akilipa 30,000 na sasa analipa 10,000 anaokoa 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka, na 2,400,000 kwa miaka kumi. Fedha hiyo ikibaki mfukoni itaisha kwa vocha na soda. Iwekwe kwenye SACCOS au VICOBA tangu mwezi wa kwanza, kwa jina la kazi moja tu: kiwanja na nyumba ya familia.

Ukipata kiwanja kijijini, usimalizane na muuzaji peke yenu. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji wake hupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji. Majina ya mume na mke yote yaandikwe.

Ndugu msomaji, leo jioni mketi wawili, wewe na mwenzi wako, na hati ya mshahara mezani. Jibuni maswali matatu: tunaokoa kiasi gani? Kinakwenda wapi? Kesho tukiambiwa tutoke, tutalala wapi? Familia yenye jibu la swali la tatu ihamie kwa furaha. Ambayo haina, ihamie pia, lakini ianze kulitafuta jibu hilo mwezi huu.

Mungu awabariki.